UZI: Bima ya afya kwa wajumbe wa bodi na kamati za shule kwa fedha za hapahapa (Tabora na Kigoma)

MiomboKavu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Msimu wa makisio ya vijiji na vyama vya ushirika unakaribia, na kwenye kata nyingi za huku kwetu linazungumzwa wazo la kuwakatia bima ya afya wajumbe wa kamati za shule za msingi na bodi za sekondari kwa fedha za hapahapa. Mimi wazo hili nalitetea kwa moyo wote. Mjumbe wa kamati hana mshahara. Ndiye anayehesabu mifuko ya saruji ikishuka kwenye gari, anasimama na fundi darasa likiezekwa, anamfuata mtoto mtoro hadi nyumbani kwao, na saini yake imo kwenye muhtasari wa kila shilingi ya shule. Mtoto wake akishikwa na malaria kali, anauza debe la mahindi.

Lakini wazo likishaingia kikaoni, mara nyingi linaharibika njiani, kwa sababu ya kwanza wanayoiona watu ni fedha iliyo karibu, yaani ile iliyopo kwenye akaunti ya shule. Naomba tuanzie hapo ili asipotee mtu.

Fedha ya ruzuku ya uendeshaji hailipii bima ya mjumbe. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, ruzuku imepangwa kwa mwanafunzi: 10,000 kwa mwaka kwa mtoto wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari, na sehemu yake inabaki juu kwa ajili ya vitabu. Kinachofika shuleni kina mafungu yake, na bima ya mjumbe haimo. Ukiitoa humo, hata kikao kizima kikisaini, mkaguzi ataiandika kuwa matumizi nje ya kasma (fungu la bajeti), na atakayedaiwa kurejesha ni mwalimu mkuu. Vivyo hivyo msiwachangishe wanafunzi wala kuifunga bima hii na usajili wa darasa la kwanza.

Karibuni mwongeze: chanzo kipi ni halali, hesabu inakaaje, na kadi hukwama wapi.

---

HesabuZaKata

Mkuu MiomboKavu, nakazia hapo kwenye ruzuku, halafu naongeza jambo ambalo watu hulisahau. Kamati au bodi haiwezi kujipitishia faida yake yenyewe. Hata kama shule ina fedha safi za mradi, wajumbe kukaa na kuamua "tujikatie bima" ni mgongano wa maslahi ulio wazi. Wao waandike ombi tu. Anayeamua awe mwingine: mkutano mkuu wa kijiji kama fedha ni za kijiji, mkutano mkuu wa AMCOS (chama cha msingi cha ushirika wa wakulima) kama ni za ushirika, baraza la madiwani kama ni mapato ya ndani ya halmashauri. Muhtasari wa huyo mwingine ndio unaoambatishwa kwenye hati ya malipo.

Sasa hesabu. Kosa la kwanza ni kuzidisha idadi ya wajumbe kwa bei ya kadi na kudhani kazi imekwisha. Chukulia kata ya mfano yenye shule za msingi sita na sekondari moja:

Kamati sita zenye wajumbe 11 kila moja: 66
Bodi ya sekondari: 12
Jumla: 78

Toa mwalimu mkuu (au mkuu wa shule) na mwakilishi wa walimu kila shule. Hao ni watumishi, wanakatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri anaongeza 3, wako NHIF (Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya) tayari. Shule saba mara wawili ni 14. Wanabaki 64.

Toa wajumbe ambao kaya zao zote zina bima tayari, kama mama ambaye mumewe ni mtumishi na watoto wamo kwenye kadi ya baba. Tufanye 9. Zinabaki kaya 55.

Kadi ya CHF (Mfuko wa Afya ya Jamii) iliyoboreshwa tuliyoizoea mikoani imekuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya isiyozidi watu sita. Huku Unyamwezini kaya ya watu sita haijai hata mkeka mmoja. Kwenye hizo 55, tufanye 13 zimezidi sita na zinahitaji kadi ya pili. Kwa hiyo unanunua kadi 68.

68 × 30,000 = 2,040,000.

Ungekwenda na 78 × 30,000 ungeomba 2,340,000, ungewalipia walimu mara mbili, na bado kaya 13 zingekuwa na watoto nje ya kadi. Bajeti iandikwe kwa kadi, isiandikwe kwa vichwa vya wajumbe.

---

NesiWaZamu

Hapo kwenye "toa wenye bima" msiharakishe, mkuu. Mwalimu mstaafu aliyekuwa mchangiaji wa NHIF anaendelea kutibiwa yeye na mwenza wake. Ila mjukuu anayemlea hayumo. Wazee wengi wa bodi ni wastaafu na nyumbani wana wajukuu wanne watano. Mkimkata jina kwa sababu "ana bima", mmewakata watoto. Kwenye fomu ya uhakiki wekeni safu mbili: *nani ana bima* na *nani hana*, kwa majina ya watu wa kaya nzima.

Pili, kuchagua nani aingie kwenye nafasi sita pale kaya ilipozidi na fedha ya kadi ya pili haipo. Kwa Sera ya Afya ya 2007, watoto chini ya miaka mitano, wajawazito, na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo hutibiwa bila malipo kwenye vituo vya serikali. Matibabu ya kifua kikuu, ukoma na VVU nayo hayalipiwi. Basi nafasi sita anzeni na wale wasio na msamaha wowote: baba, mama, na watoto wa shule. Angalieni tarehe ya kuzaliwa kwenye kadi ya kliniki. Mtoto wa miaka minne na miezi kumi mwandikeni sasa, maana baada ya miezi miwili msamaha unaisha na kadi itakuwa imeshafungwa bila jina lake.

Mzee wa 60 na zaidi asiye na uwezo, hakikisheni ana kitambulisho chake cha msamaha mkononi kabla hamjamwacha nje. Bila karatasi hiyo, dirishani ataambiwa alipie.

---

MamaUshirika

Naomba niseme upande wa AMCOS maana huku Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui fedha ya uhakika inapita kwenye tumbaku.

Chama cha msingi kinaweza kuweka makato kwa kilo kwa ajili ya huduma ya jamii, ila utaratibu wake ni huu. Bodi ya chama inaliingiza kwenye rasimu ya makisio. Mkutano mkuu wa wanachama unalijadili likiwa limeandikwa kwa jina lake kamili: "mchango wa bima ya afya, wajumbe wa kamati za shule, shilingi kadhaa kwa kilo". Lisifichwe ndani ya "matumizi mengineyo". Kisha makisio yanakwenda kwa Mrajisi wa Vyama vya Ushirika kuidhinishwa. Makato yasiyo kwenye makisio yaliyoidhinishwa hayakatwi kwenye malipo ya mkulima, hata kama wote walinyoosha mikono. Na haya yamalizike kabla masoko hayajafunguliwa. Ukianza kulisema tumbaku ikiwa imeshapimwa mizani, umechelewa mwaka mzima.

Kwa hesabu ya HesabuZaKata: chama kikikadiria kilo 400,000, shilingi 5 kwa kilo inaleta 2,000,000, imepungua 40,000. Wekeni shilingi 6, inakuwa 2,400,000. Msiione ziada hiyo kuwa kubwa. Mvua zikikatika Februari, kilo zikashuka hadi 340,000, shilingi 6 inaleta 2,040,000 kamili. Makato yakadirieni kwa mavuno mabaya.

---

Mdau_Nzega

Mama Ushirika, nakuheshimu sana na maelezo yako ya utaratibu ni sahihi. Lakini nina pingamizi na nalisema wazi. Mkulima mwenye kilo 1,500 kwa shilingi 6 anakatwa 9,000. Huyo mkulima mwenyewe hana kadi. Anamlipia mjumbe atibiwe, yeye akipanga foleni ileile na noti mkononi. Hilo likisemwa kwenye mkutano mkuu, na lazima litasemwa, azimio litakufa, na linastahili kufa.

Igunga ndiko Mfuko wa Afya ya Jamii ulikojaribiwa kwanza nchini, katikati ya miaka ya 1990, kabla ya sheria ya mfuko huo ya 2001. Msingi wake ulikuwa kila kaya itoe, na serikali iongeze kiasi kilekile, ndiyo "tele kwa tele". Mwanachama alijua shilingi yake inamtibu yeye. Sisi tunaotoka upande huu tusiugeuze mfuko wa wote kuwa mfuko wa viongozi.

---

MamaUshirika

Mdau, hoja yako naipokea, haina ubishi. Pendekezo: mjumbe alipe nusu, chama kilipe nusu. Kadi 68 × 15,000 = 1,020,000. Kwa kilo 340,000 hiyo ni shilingi 3 kwa kilo, na mkulima wa kilo 1,500 anatoa 4,500. Sambamba na hapo, chama kifungue dirisha la kumkopesha kila mwanachama 30,000 ya kadi yake mwenyewe, irejeshwe kwenye malipo ya kwanza ya soko. Hapo mkulima hamlipii mtu huku yeye akiwa mtupu.

Nusu ya mjumbe ni 15,000 kwa mwaka, yaani 1,250 kwa mwezi. Ikusanywe kidogokidogo, mjumbe asidaiwe yote Julai mfukoni mkiwa hakuna kitu.

---

Mdau_Nzega

Hiyo naiunga mkono. Na dirisha la mkopo litangulie kwenye ajenda, kabla ya bima ya wajumbe.

---

MwambaoWaZiwa

Salamu kutoka Kigoma. Sisi hatuna tumbaku ya kiasi hicho, tuna mawese, kahawa kule Kasulu na Buhigwe, na mwambao tuna dagaa na migebuka. Naomba watu wa vijiji vya ziwani wasikilize hapa: msiweke tarehe ya kulipia bima Julai kama chanzo chenu ni ushuru wa mwalo. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipumzishwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Miezi hiyo mwaloni hakuna kreti inayoshuka, na kijiji kinachotegemea mwalo kinakuwa hakina mapato. Bima ikiisha 30 Juni na fedha ikapatikana Oktoba, kaya zinakaa zaidi ya miezi mitatu bila kinga.

Dawa yake: mwaka wa bima ya wajumbe uanze Novemba au Desemba, fedha ikusanywe Septemba na Oktoba. Kadi ni ya miezi 12 tangu ianze kazi, hailazimiki kufuata mwaka wa fedha wa serikali. Watu wa mawese nao wapange kwa msimu wao, wa kahawa kwa wao.

Kuna suala la umbali pia. Kijiji cha kusini mwa Uvinza, mtu anapanda boti kwenda Kigoma mjini. Bima inalipia matibabu, nauli hailipii. Mkiwa na akiba kidogo, tengeni fungu la nauli ya mgonjwa mwenye barua ya rufaa, vinginevyo rufaa ya kwenda Maweni, hospitali ya mkoa, inabaki karatasi.

---

HesabuZaKata

Kwa wanaotaka kwenda kwenye mapato ya ndani ya halmashauri, maelezo mafupi. Ushuru wa mazao kwa Sura 290 ni asilimia 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula tangu marekebisho ya 2017, na anayelipa ni mnunuzi. Huko ndiko halmashauri za Tabora zinakopata sehemu kubwa. Lakini makusanyo hayo yana wenyewe: asilimia 10 ni mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu (4, 4, 2), na sehemu kubwa imetengwa kwa miradi ya maendeleo. Bima ya wajumbe itaingia kwenye kinachobaki, ambacho kinagombewa na mafuta ya magari, posho za vikao na umeme wa ofisi.

Ombi lianzie kwenye kamati ya maendeleo ya kata, lifike idara ya elimu likiwa na orodha na gharama, idara iliingize kwenye PlanRep (mfumo wa mipango na bajeti wa halmashauri), lipite kamati ya fedha, uongozi na mipango, ndipo baraza. Baraza hupitisha makisio mwanzoni mwa mwaka kwa ajili ya Julai. Barua ikifika Machi, majibu yake ni "mwakani".

Na diwani asiwaahidi wananchi kabla kasma haijaonekana kwenye kitabu cha bajeti kilichopitishwa. Ahadi ya jukwaani haina namba ya kasma, na mweka hazina halipi kitu kisicho na namba.

---

KijanaWaIpuli

Wakuu, swali. Kuna watu wanasema Marekani wajumbe wa bodi za shule wanapewa bima na wilaya yao ya shule, kwa nini sisi tusidai hivyohivyo?

---

Mdau_Nzega

Ndugu yangu, mfano huo hauhamishiki. Kule wilaya ya shule ni mamlaka inayojitegemea, ina bodi iliyochaguliwa kwa kura na sehemu kubwa ya fedha yake inatoka kwenye kodi ya majengo na ardhi inayotozwa hapohapo. Sheria ya California inaruhusu wajumbe wa bodi kuingizwa kwenye mpango wa bima wa wafanyakazi wa wilaya. Texas sheria inasema wajumbe wanatumikia bila malipo. Kwa hiyo hata wao kwa wao hawafanani. Bodi zetu hazitozi kodi wala haziajiri. Fedha ya bodi ya shule Tanzania ni ya wanafunzi au ya wazazi, ndiyo maana tunazunguka kutafuta mlipaji mwingine.

---

MiomboKavu

Shukrani wakuu. Kuna waliouliza inboksi kuhusu miradi ya shule: shamba la mahindi, alizeti, mizinga ya nyuki. Msimamo wangu ni kwamba mapato ya mradi wa shule yabaki kwa wanafunzi, kwanza uji na chakula cha mchana. Mtoto amepalilia, mtoto ale. Na shamba la tumbaku kwa mikono ya watoto ili kumkatia mzee bima, hilo halifai kabisa, nikotini ya majani mabichi inapenya kwenye ngozi na kumwumiza anayeyashika.

Kinachowezekana ni wajumbe wenyewe kuwa na mizinga yao, nje ya mradi wa shule. Kundi la wajumbe 11 likiwa na mizinga 20 kwenye msitu wa kijiji uliotengewa ufugaji nyuki, mavuno ya kilo 6 tu kwa mzinga ni kilo 120. Mkiuza hata kwa 5,000 kwa kilo ni 600,000, inatosha kadi 20. Mwaka wa kwanza msiutegemee, mizinga mingi huwa bado haijaingia nyuki. Wanaoharibu ni wanaorina usiku kwa moto mkubwa na kuchanganya masega ya majana na asali iliyoiva. Asali hiyo inachachuka na mnunuzi anaikataa. Rineni masega yaliyofunikwa nta tu, ndoo iwe safi na yenye mfuniko.

---

NesiWaZamu

Turudi kwenye kadi, maana hapo ndipo watu huumia baada ya kulipa. Naandika yanayokwamisha dirishani.

Malipo ya mkononi. Afisa uandikishaji wa kijiji anaandika majina na kupiga picha, lakini fedha ilipwe kwa kumbukumbu namba ya malipo ya serikali, ile ya tarakimu 12, kwa simu au benki. Shilingi 2,040,000 asikabidhiwe mtu kwenye bahasha hata akiwa mwaminifu kiasi gani. Mfumo hauijui bahasha.

Picha. Kila mtu kwenye kadi anapigwa picha yake. Siku ya uandikishaji mtoto mmoja yuko bweni, mwingine amepelekwa kwa bibi yake Sikonge, mama yuko shambani. Wanaandikwa bila picha "tutaleta baadaye". Baadaye haifiki, na mtoto akiletwa anaumwa, mhudumu anafungua mfumo anaona jina bila sura. Chagueni siku ya likizo, siyo ya mnada, na afisa akae shuleni kutwa nzima.

Majina. Mjumbe anaitwa kwa jina la ukoo kijijini, kitambulisho cha NIDA kina jina la ubatizo, kadi imeandikwa la tatu. Andikeni lililo kwenye NIDA. Mtoto aandikwe kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, na kama hakipo, kama lilivyo kwenye rejista ya shule.

Wake wawili. Mume mmoja, nyumba mbili, watoto tisa. Mara nyingi mume anaandika mke mkubwa na wanaye, nafasi zinaisha. Kila mke awe na kadi yake na watoto wake, hiyo ndiyo kadi ya pili aliyoihesabu HesabuZaKata. Msimwachie mume peke yake kuchagua, mama zao wawepo.

Rufaa. CHF iliyoboreshwa inaanzia zahanati au kituo cha afya, inapanda kwa barua. Mjumbe akiruka zahanati akaenda moja kwa moja Kitete, hospitali ya mkoa wa Tabora, na homa, atalipa taslimu. Dharura ni kitu kingine, hiyo inapokelewa. Hospitali za mashirika ya dini mziulize kwanza kama zina mkataba na mfuko huo.

Dawa kuisha. Hili ndilo linalowafanya watu waseme "bima haina faida" na kuacha kulipa mwaka wa pili. Kituo kikiandikishiwa kaya 55 mpya bila taarifa, maoteo ya dawa yanabaki yaleyale. Kabla ya kulipa, mpeni mganga mfawidhi idadi ya watu watakaoongezeka, aiweke kwenye maombi yake ya Bohari ya Dawa.

---

KijanaWaIpuli

Dada Nesi asante. Na mjumbe akiachia ngazi au akiondolewa katikati ya mwaka, kadi inarudishwa?

---

NesiWaZamu

Hairudishwi. Kadi ni ya kaya, haifuati cheo. Ikishaanza kazi inakwenda hadi miezi 12 iishe. Anayeingia badala yake ndiye mpya, atahitaji kadi yake.

---

HesabuZaKata

Ndiyo maana tengeni kadi tatu nne za akiba kwenye bajeti, na msilipie mwaka mpya mwezi mmoja kabla muhula wa bodi haujaisha. Subirini bodi mpya ikae, kisha andikisheni wote pamoja.

Na kuhusu Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023: inataka kila mkazi awe na bima, na viwango na vifurushi vyake vinatoka kwa kanuni. Msiandike azimio lenye "30,000" kama namba ya kudumu. Andikeni "kiwango cha mwaka kwa kaya kama kilivyowekwa na mamlaka". Kisha pigeni hesabu ya pili kwa kiwango kikubwa ili mjue uwezo wenu unaishia wapi. Kiwango kikiwa mara tano, kadi 68 ni 10,200,000. Hiyo haibebwi na kijiji wala na shilingi 3 kwa kilo, ni halmashauri au ni kila kaya ijilipie na nyie muongezee kidogo. Afadhali hilo lijulikane mezani kabla ya kuahidiwa mtu.

---

KatibuMuhtasari

Naweka rasimu ya azimio la mkutano mkuu wa kijiji, mtu ainakili na kubadilisha:

"Mkutano mkuu wa kijiji uliofanyika tarehe ____, waliohudhuria ____, umeazimia kijiji kichangie asilimia 50 ya kiwango cha mwaka cha bima ya afya kwa kila kadi ya kaya za wajumbe wa kamati ya shule walioorodheshwa kwenye kiambatisho A, bila kuwahusisha wajumbe ambao kaya zao zote zina bima nyingine. Chanzo cha fedha ni ____. Malipo yafanywe kwa kumbukumbu namba ya serikali pekee na stakabadhi isomwe kwenye mkutano unaofuata. Wajumbe wa kamati waliohudhuria hawakupiga kura katika azimio hili."

Sentensi ya mwisho msiifute. Mwenyekiti awaombe wajumbe wakae upande mmoja kura ikipigwa, na idadi ya kura iandikwe kwa tarakimu. Kiambatisho A kiwe na jina la mjumbe, idadi ya watu kwenye kaya, wenye bima, wasio na bima, na idadi ya kadi. Magonjwa ya mtu yasiandikwe popote.

---

MwambaoWaZiwa

Katibu, ongeza safu ya tarehe ya kuisha kwa kadi ya zamani. Wapo wajumbe wenye CHF hai bado. Ukimlipia leo wakati yake inaisha miezi minane ijayo, umepoteza miezi minane. Wa namna hiyo alipiwe ikikaribia kuisha, na fedha yake ikae benki ikiwa na jina lake.

---

KatibuMuhtasari

Nimeipokea, safu imeongezwa. Inakaa baada ya "wenye bima".

---

MamaUshirika

Jambo moja la siku ya malipo. Mkishalipa, msigawe kadi kwa sherehe kwanza. Mwenyekiti, mtendaji wa kijiji na afisa uandikishaji waende zahanati na orodha, mhudumu aingize namba za kadi mojamoja, na mbele ya kila namba waandike "hai" au "haisomi". Zile zisizosoma zipelekwe kwa mratibu wa CHF wa wilaya siku hiyohiyo, pamoja na nakala ya stakabadhi, wakati afisa aliyeandikisha bado anakumbuka alichoandika. Kadi 68 zinamalizika asubuhi moja kama mtandao upo. Msiende Jumatatu, ni siku ya wagonjwa wengi, mhudumu hatakuwa na nafasi.

---

NesiWaZamu

Nenda Alhamisi mchana, mama. Na muende na orodha iliyochapwa, ile ya mwandiko wa mkono 1 na 7 hazitofautiki.